Amechaguliwa NBA, mbona bado anacheza Ulaya?

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 17, tunaishi Mwanza. Ameshapita mita mbili na bado anarefuka. Klabu moja ya mpira wa kikapu ya Hispania inamtaka kwenye timu yake ya vijana, lakini mjomba wake amekataa katakata. Anasema wanaopitia Ulaya huchaguliwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa jina tu, kisha wanatelekezwa hukohuko mpaka wanazeeka. Afadhali, anasema, kijana asubiri chuo cha Marekani apite njia ya Hasheem Thabeet. Hivi inawezekanaje timu ikuchague halafu usiende kuichezea? Na ni kweli wanatelekezwa?

Jibu: Marahaba mama. Najua mvutano wa namna hiyo unavyoweza kukaa mezani mwezi mzima, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu ili na mjomba apate kusoma.

Nianze na neno lililomchanganya, maana limewachanganya hata watangazaji wetu wa michezo. Kuchaguliwa ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Drafti ya NBA (sizungumzii ile ya kete vijiweni) kwa kawaida hufanyika Juni kila mwaka. Timu 30 huchagua kwa zamu, raundi mbili, nafasi 60, ingawa miaka ya 2022 hadi 2025 zilipungua kidogo kwa sababu baadhi ya timu zilinyang'anywa nafasi zao kwa kuvunja kanuni. Jina la kijana linaposomwa, hakuna aliyemwajiri. Timu imepata kitu kimoja tu: kuwa timu pekee ya NBA inayoruhusiwa kukaa naye mezani kuzungumza mkataba.

Mimi huwaambia wazazi kwamba huko ni kuposwa. Posa imepokelewa, wachumba wengine wote wamefungiwa mlango, lakini ndoa bado, na binti anaendelea kuishi kwao. Kwa mchezaji wa Ulaya, kwao ni kwenye klabu yake, ambako ana mkataba, mshahara, chumba cha kulala na mechi kila wiki. Ila posa hii ina jambo moja ambalo wazee wetu wasingelikubali: mposaji anaweza kuamka asubuhi akampa jirani posa yake, abadilishane naye au amwuzie kabisa, na mposwaji asiulizwe neno.

Sasa, kwa kuwa mjomba amemtaja Thabeet, turudi kwenye usiku uleule wa Thabeet. Ilikuwa tarehe 25 Juni 2009 kule New York. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 26, na tuliokesha hatujasahau. Kijana wa Dar es Salaam, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA kabla yake. Lakini tazama na wengine walioitwa baada yake. Nafasi ya tano, Minnesota ilimchagua Ricky Rubio, Mhispania wa miaka 18 aliyekuwa Joventut, klabu ya Badalona. Nafasi ya 30, Cleveland ilimchagua Christian Eyenga wa Kinshasa, naye pia wa Joventut. Nafasi ya 34, Denver ilimchagua Sergio Llull wa Real Madrid, na haki zake zikauzwa kwa Houston kwa dola milioni 2.25.

Kati ya hao wanne, Thabeet peke yake ndiye aliyevaa jezi ya NBA msimu uliofuata.

Rubio alikuwa ameanza kucheza ligi kuu ya Hispania akiwa na miaka 14, na akiwa na 17 alishacheza fainali ya Olimpiki ya Beijing dhidi ya Marekani. Hakukosa uwezo. Kilichomzuia ni mkataba wake, ambao ulitaka alipe mamilioni ya dola ili aachiwe, na kanuni za NBA wakati ule ziliiruhusu timu kuchangia dola 500,000 tu katika malipo ya namna hiyo. Akahamia Barcelona, akachukua ubingwa wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, mwaka 2010, na mwaka 2011 akaenda Minnesota akiwa mtu mzima uwanjani. Eyenga alibaki mwaka mmoja, akaingia Cleveland mwaka 2010, akacheza NBA kwa muda mfupi. Llull hakwenda kabisa. Houston walimtaka, yeye akawaambia hapana. Alibaki Real Madrid, na mwaka 2023 alifunga kikapu kilichoipa timu yake ubingwa wa EuroLeague kwa pointi 79 kwa 78 dhidi ya Olympiacos. Ukimwambia Llull alitelekezwa atakushangaa.

Na Thabeet? Hapa naomba mjomba asome polepole. Alipofika Memphis alimkuta senta mmoja (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) amekaa kwenye nafasi yake, Mhispania aitwaye Marc Gasol. Gasol huyo alichaguliwa mwaka 2007 nafasi ya 48 na Los Angeles Lakers, akaachwa Hispania, na mwanzoni mwa 2008 haki zake zikatupwa ndani ya biashara kubwa iliyompeleka kaka yake Pau kwenye hiyo Lakers. Wengi walimwona Marc kama nyongeza ya kujazia mzani. Yeye alikuwa Girona anacheza kila wiki, na msimu huohuo wa 2008 akawa mchezaji bora wa ligi ya Hispania. Alipotua Memphis hakuja kujifunza, alikuja kufanya kazi. Mwaka 2013 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA nzima.

Kwa hiyo kijana wetu wa nafasi ya pili alikaa benchi nyuma ya mtu wa nafasi ya 48. Februari 2010 Memphis ilimpeleka Thabeet timu ya Dakota kwenye ligi ya maendeleo, na mpaka siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Silisemi hili kumpunguzia heshima. Kijana aliyegusa mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, kisha akawa wa pili katika drafti, amefanya jambo ambalo silioni likirudiwa hapa kwetu hivi karibuni. Nasema tu kwamba alihitaji mechi nyingi, dakika nyingi na nafasi ya kukosea bila ukumbi mzima kumhesabia. Gasol alizipata Girona. Thabeet alitakiwa azipate mbele ya kamera.

Huo ndio msingi wa jibu langu, mama. Usiulize kijana atasubiri wapi. Uliza huko anakosubiri atacheza dakika ngapi, na nani ameshika funguo za kumtoa.

Nieleze sasa kwa nini timu zinafanya hivi, maana sababu zake ni za pesa na nafasi, hazina uhusiano na dharau. Timu ya NBA ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Kila kiti kinagombewa, na kijana wa miaka 20 anayehitaji kukua anakula kiti ambacho mkongwe angekitumia leo. Pili, kuna ukomo wa mishahara. Mchezaji wa raundi ya kwanza akishachaguliwa tu, mshahara wake uliopangwa huanza kuhesabiwa kwenye bajeti ya timu hata kabla hajaweka sahihi. Akibaki ng'ambo na mkataba wa klabu nyingine, hesabu hiyo inaondolewa, na timu inapata nafasi ya kumnunua mtu wa sasa. Tatu, klabu ya Ulaya inamlisha, inamfundisha, inamtibu goti, na NBA haitoi senti. Mkulima gani atakataa shamba lake lilimwe na jirani?

Lakini haki ya timu haifanani katika raundi zote mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Raundi ya kwanza ina jedwali la mishahara. Kila nafasi ina kiwango chake, na timu inaweza kulipa kati ya asilimia 80 na 120 ya kiwango hicho, basi. Mchezaji asipokwenda, jedwali linaendelea kumfunga kwa misimu mitatu. Ikipita mitatu, kamba inakatika: timu bado ndiyo pekee yenye haki ya kuzungumza naye, lakini sasa inaweza kumlipa kadiri bajeti yake inavyoruhusu. Raundi ya pili haina jedwali. Timu inatakiwa kumpa ofa ya mwaka mmoja ya mshahara wa chini, na isipompa inampoteza. Mara nyingi pande zote mbili zinajua kwamba ofa hiyo itakataliwa. Akiikataa na kusaini na klabu ya nje, haki za timu haziishi muda wote anaoendelea kucheza huko kwa mkataba, na hata anapomaliza mkataba na kujitangaza yuko huru, timu inabaki na mwaka mmoja wa kumvuta.

Ndiyo maana wakati mwingine kushuka kuna faida. Mwaka 2008 Nikola Peković, senta wa Montenegro aliyekuwa na nguvu za kutisha, alishuka mpaka nafasi ya 31, ya kwanza katika raundi ya pili, na Minnesota ikamchukua. Alikuwa anakwenda kuchezea Panathinaikos ya Ugiriki, na kwa kuwa alikuwa nje ya jedwali, alipokwenda Marekani mwaka 2010 mshahara wake ulijadiliwa mezani. Angekuwa wa 25 angepangiwa.

Kuna usiku mwingine unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu yote: tarehe 26 Juni 2014. Waserbia watatu. Nafasi ya 27 Phoenix ilimchagua Bogdan Bogdanović. Nafasi ya 41 Denver ilimchagua Nikola Jokić. Jina lake lilipita chini ya skrini wakati televisheni inaonyesha tangazo la chakula, na mwenyewe alikuwa kwao amelala. Nafasi ya 52 Philadelphia ilimchagua Vasilije Micić. Jokić na Micić walikuwa wachezaji wa klabu moja, Mega ya Belgrade.

Jokić alisubiri mwaka mmoja. Alibaki Mega kwa sababu pale alikuwa ndiye timu: kila shambulizi lilipitia mikononi mwake, akakosea, akasahihisha, na mwisho wa msimu akawa mchezaji bora wa ligi ya Adriatiki. Mwaka 2015 akaenda Denver. Mengine unayajua hata kama hufuatilii kikapu, maana mwanao lazima ameshakusimulia: mchezaji bora wa NBA mara tatu, 2021, 2022 na 2024, na ubingwa wa 2023.

Bogdanović alisubiri miaka mitatu, na hesabu yake ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwa nafasi ya 27, jedwali lilikuwa linampa kama dola milioni moja hivi kwa mwaka wa kwanza. Akaenda Fenerbahçe ya Istanbul chini ya kocha Željko Obradović, mwalimu mwenye mataji mengi ya Ulaya kuliko yeyote. Akiwa huko haki zake zilihamishwa kutoka Phoenix kwenda Sacramento bila yeye kuondoka kitandani. Mwaka 2017 akatwaa EuroLeague, misimu mitatu ikawa imetimia, na Sacramento ikamlipa dola milioni 27 kwa miaka mitatu. Milioni tisa kwa mwaka badala ya moja. Kijana yuleyule, timu iliyomchagua ikiwa imeshasahaulika. Uvumilivu wake ulikuwa na tarehe, na yeye na wakala wake waliijua tarehe hiyo tangu siku ya kwanza.

Micić alisubiri miaka tisa. Bayern ya Munich, Belgrade tena, Bursa, Kaunas, kisha Anadolu Efes ya Istanbul, ambako alikuja kuwa mchezaji bora wa EuroLeague mwaka 2021 na kuchukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2021 na 2022. Haki zake wakati huo zilikuwa Oklahoma City. Alipofika NBA mwaka 2023 alikuwa anakaribia miaka 30, timu ilikuwa imejaa vijana, na katikati ya msimu akahamishiwa Charlotte. Baada ya misimu miwili akarudi Ulaya.

Hapa mjomba ana haki yake, na sitamnyima. Kuna wanaochelewa. Mfano mkubwa kuliko wote ni Arvydas Sabonis wa Lithuania. Portland ilimchagua mwaka 1986, nafasi ya 24, lakini siasa za Umoja wa Kisovyeti hazikumruhusu kutoka, kisha majeraha ya miguu yakamla. Alifika Portland mwaka 1995 akiwa na miaka 30, miguu imechoka, na bado alikuwa anatoa pasi ambazo masenta wenzake hawakuziota. Waliomwona akiwa kijana Kaunas hawajaacha kuulizana ingekuwaje. Naye Dražen Petrović alichaguliwa mwaka huohuo na timu hiyohiyo, nafasi ya 60, akaingia mwaka 1989.

Lakini upande wa pili wa mizani una Manu Ginóbili. Alichaguliwa mwaka 1999 nafasi ya 57, karibu na mwisho kabisa, na San Antonio ikamwacha Italia. Akachukua EuroLeague na Bologna mwaka 2001, akaenda San Antonio mwaka 2002, na akaondoka na pete nne za ubingwa. Una Serge Ibaka, Mwafrika mwenzetu wa Kongo-Brazzaville, aliyechaguliwa mwaka 2008 nafasi ya 24 na Seattle. Timu yenyewe ilihama mji ikawa Oklahoma City kabla yeye hajahama. Alibaki msimu mmoja Manresa, mji mdogo karibu na Barcelona, akaingia NBA mwaka 2009, na katika misimu ya 2012 na 2013 hakuna aliyezuia mitupo mingi kwa kila mechi kumshinda. Mwaka 2019 Toronto ilipochukua ubingwa, masenta wake wawili walikuwa Ibaka na Marc Gasol. Wote wawili waliwahi kuposwa na kuachwa kwao.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawapendi kulisikia, lakini lazima niliseme. Kuchaguliwa mwishoni mwa raundi ya pili kunaweza kuwa kubaya kuliko kutochaguliwa kabisa. Asiyechaguliwa yuko huru kuongea na timu zote 30 na kwenda kwenye timu yenye upungufu wa mchezaji wa nafasi yake. Facundo Campazzo wa Argentina hakuchaguliwa na mtu. Alijijenga Real Madrid, na mwaka 2020 alipotaka NBA alisaini na Denver kwa hiari yake. Aliyechaguliwa wa 58 na kuachwa ng'ambo ana mlango mmoja tu, na ufunguo wake uko kwenye mfuko wa mtu ambaye huenda ameshamsahau. Mawakala wanalijua hili vizuri, na wapo wanaozipigia timu simu usiku wa drafti kuziomba zisimchague mteja wao nafasi za mwisho. Picha ya kofia ya NBA ni nzuri kwenye simu ya mjomba. Mimi nimewahi kuwashauri vijana wasiitamani.

Utakutana pia na habari za Yannick Nzosa, kijana wa Kinshasa aliyelelewa na klabu ya Málaga, Hispania. Alichaguliwa na Washington mwaka 2022 nafasi ya 54. Usimhesabu kuwa ametupwa.  Ila kesi kama yake ndiyo inayonifanya nisisitize dakika za uwanjani: klabu kubwa inakupa jina, klabu ndogo inakupa mechi, na kwa senta wa miaka 19 mechi ni chakula.

Sasa nije kwenye fidia ya kuvunja mkataba, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuhusu kwanza kuliko NBA yenyewe. Mikataba mingi ya Ulaya ina kipengele kinachosema mchezaji akitaka kuondoka kabla ya muda, klabu ilipwe kiasi gani. Timu ya NBA inaruhusiwa kuchangia sehemu tu. Kiasi hicho kimekuwa kikipanda na sasa kimeshavuka dola 800,000. Kinachozidi hapo kinatoka kwenye mshahara wa kijana. Bismack Biyombo wa Lubumbashi, ambaye Kiswahili ni lugha ya mji wake, alionwa na kocha Mreno Mário Palma kwenye mashindano ya vijana Yemen, akapelekwa Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa saba, akaishia Charlotte. Hakuachwa ng'ambo, alikwenda moja kwa moja. Lakini suala la kumalizana na klabu yake ya Fuenlabrada lilimfuata mpaka Marekani. Kuchaguliwa juu hakufuti karatasi uliyoisaini ukiwa mdogo.

Nami nina kidonda changu hapo. Miaka kadhaa iliyopita kijana niliyemfundisha mwenyewe alisaini miaka minne na klabu moja ya ng'ambo, kwa lugha ambayo yeye wala baba yake hawakuijua. Mwaka wa pili timu kubwa zaidi ikamtaka. Ndipo tukagundua kwamba fidia iliyoandikwa ilizidi mishahara yake ya miaka yote minne ikijumlishwa. Ile timu ikachukua mtu mwingine. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, na sikuwa nimeomba kuona hata ukurasa mmoja. Bado linaniuma.

Kuhusu chuo cha Marekani, mjomba hajakosea kukitaja, ila picha aliyonayo ni ya 2009. Mambo matatu yamebadilika. Tangu 2017 timu za NBA zina mikataba ya njia mbili, ambayo mchezaji anagawana muda kati ya timu kubwa na ile ya ligi ya maendeleo, na sasa kila timu ina nafasi tatu za aina hiyo. Tangu 2023 kuna pia njia maalumu ya kuwasaini watu wa raundi ya pili bila kubana bajeti. Kwa hiyo wanaoachwa ng'ambo wanapungua, na wengi wanaitwa mapema kukua chini ya jicho la timu yenyewe. La tatu ni fedha: tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, na hilo limewavuta hata vijana wa akademia za Ulaya. Egor Dëmin alitoka Real Madrid, Kasparas Jakučionis akatoka Barcelona, wote wakacheza msimu mmoja tu wa chuo, na mwaka 2025 wakachaguliwa raundi ya kwanza, wa nane na wa 20. Angalizo: mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ana vikwazo vya kufanya kazi, hivyo fedha hizo hazimfikii kirahisi kama zinavyomfikia Mmarekani.

Unaona, njia yako na ya mjomba zimeanza kukutana. Kijana anaweza kukulia Hispania na bado akaenda chuo akiwa na miaka 19. Hata Ulaya yenyewe si lazima: Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, alipitia kituo cha NBA kilichoko Saly, Senegal, akachezea City Oilers ya Uganda kwenye ligi ya Afrika ya BAL mwaka 2024, akaenda chuo cha Duke, Marekani, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi, akaishia Phoenix. Huyo ni jirani yetu kabisa, na njia yake ilipita Afrika karibu mpaka mwisho.

Turudi kwa mwanao. Ana miaka 17, na kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu zinazochunguzwa, ikiwemo mpango wa shule na malezi. Kama klabu hiyo inakuambia mambo ni rahisi, kilichobaki ni tiketi tu, hapo shituka. Waulize atasoma shule gani na atakaa na nani. Waulize atacheza timu ipi msimu wa kwanza, ya vijana pekee au atapelekwa pia daraja la chini la watu wazima, maana Ibaka alikomaa daraja la pili kabla ya Manresa. Mkataba uwe mfupi. Kipengele cha kuondoka kwenda NBA kiandikwe kwa tarakimu, na kingine cha kuondoka kwenda chuo kiandikwe pembeni yake. Na kabla hajapokea mshahara wowote, ulizeni unaathiri vipi nafasi yake ya kucheza chuoni. Wakala awe na leseni ya FIBA, na akikuambia leseni iko njiani, mwache apite nayo hukohuko njiani.

Kuhusu drafti yenyewe msiwe na haraka. Mchezaji wa nje ya Marekani anaweza kujiandikisha mapema, mwaka anaotimiza miaka 19, na akiona upepo hauko upande wake anajiondoa siku kumi kabla. Mwaka anaotimiza 22 anaingia mwenyewe bila kuandikishwa. Mwanao ana miaka mitano ya kuchagua ni lini aposwe.

Wakikutumia mkataba, hata uwe wa Kihispania, nipigie picha kurasa zote unitumie kabla kijana hajaweka sahihi. Na mjomba awepo tunapousoma.